Tangazo la Leicester na hesabu ya mgeni

Mnamo Septemba 1972 wasomaji wa Uganda Argus, gazeti lililochapishwa Kampala, walikutana na tangazo la kulipiwa ambalo halikuuza sabuni wala baiskeli. Lilitoka kwa baraza la mji wa Leicester, katikati mwa Uingereza, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: msije kwetu. Walengwa walikuwa Waasia ambao Idi Amin, mnamo Agosti 4 mwaka huo, alitangaza kuwafukuza akawapa siku 90 wawe wameshatoka nchini.

Tangazo lenyewe lilikuwa na adabu zake. Halikumtukana mtu wala kutaja rangi ya ngozi ya yeyote. Lilieleza tu kwamba hali ya mji si ile waliyoikuta waliotangulia. Maelfu ya familia zilikuwa kwenye orodha ya kungojea nyumba za baraza. Mamia ya watoto walikuwa wakisubiri nafasi shuleni. Huduma za afya na za jamii zilikuwa zimefika ukingoni. Kwa hiyo, kwa faida yenu na ya jamaa zenu, fuateni ushauri wa bodi iliyoundwa na serikali ya Uingereza kuwapokea, mwende kwingine.

Nimelisoma tangazo hilo mara nyingi kuliko nilivyosoma mashairi mengine ninayofundisha. Sababu ni kwamba ndani ya aya chache lina hoja yote ambayo hadi leo inawagawa watu London, Johannesburg, Nairobi na kwingineko: mgeni akija, nani atakosa kitanda hospitalini? Nani atakosa dawati? Wapo wanaojibu kwamba swali hilo ni chuki iliyovaa suti. Wapo wanaosema ni hesabu tupu, na asiyetaka kuisikia ni mnafiki. Mimi nadhani kambi zote mbili zinasoma nusu ya daftari, na historia ya Waasia wa Afrika Mashariki inatusaidia kuiona nusu ya pili. Ni historia yetu pia, maana safari hiyo ilianzia hapa kwetu.

Kabla sijaingia huko, hebu tusimame kidogo kwenye maneno, kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha. Kiswahili kina mhamaji na kina mhamiaji. Watu wengi huyachanganya, hata katika vyumba vya habari. Mhamaji katokana na kuhama, yaani kuondoka mahali. Mhamiaji katokana na kuhamia, kauli ya kutendea, yaani kuhama kuelekea mahali fulani. Ni mtu yule yule mmoja. Anapobeba sanduku kutoka kwake ni mhamaji. Anapolitua kwa wengine amekuwa mhamiaji. Kiambishi kimoja tu, -i-, ndicho kinachogeuza macho yetu. Ofisi inayoshughulikia pasipoti tumeiita Idara ya Uhamiaji, jina linalomtazama anayeingia, japo nusu ya kazi yake ni kuwapa hati wanaotoka.

Halafu kuna mlowezi, aliyelowea, aliyekuja akakaa moja kwa moja. Neno hilo tumemwachia Mzungu wa nyanda za juu. Sijasikia mtu akimwita Msomali wa Eastleigh mlowezi, ingawa huenda ameishi hapo vizazi vitatu.

Na methali? Hapo ndipo wazee wetu walipotuachia mzozo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema mmoja. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," hujibu mwingine. Aghalabu methali hizi mbili hufundishwa kama zinapingana, ya kwanza ya ukarimu na ya pili ya uchoyo. Sikubaliani na usomaji huo. Jembe hapewi mtu anayefukuzwa. Hupewa mtu ambaye shamba linamhitaji, na ambaye kuanzia siku hiyo chakula anachokula anashiriki kukilima. Tuishike picha hiyo ya jembe, tutaihitaji.

Sasa turudi nyuma miaka minne kabla ya tangazo la Leicester, tuje Nairobi.

Wahindi wengi wa Kenya walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliokuja enzi za ukoloni. Reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iliwaleta wafanyakazi takriban 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi makwao, lakini elfu kadhaa walibaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara, makarani, mafundi na walimu. Sensa ya 1962 iliwahesabu Waasia 176,613 nchini Kenya.

Uhuru ulipofika Desemba 1963, Katiba iliwapa uraia moja kwa moja wale waliozaliwa Kenya na kuwa na angalau mzazi mmoja aliyezaliwa hapa. Wengine walipewa miaka miwili kuomba. Wengi walisitasita. Walikuwa na haki ya pasipoti ya Uingereza, na pasipoti hizo zilizotolewa na serikali ya London yenyewe kupitia ubalozi wake wa Nairobi hazikuwa chini ya vizuizi vya uhamiaji vilivyowekwa mwaka 1962. Muda ukapita. Mwaka 1967 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya uhamiaji na nyingine ya leseni za biashara, na asiye raia akajikuta anahitaji kibali cha kufanya kazi na haruhusiwi kuuza bidhaa fulani katika maeneo fulani.

Tusijidanganye kuhusu upande wetu hapa. Sauti zilizodai sheria hizo nazo zilizungumza lugha ya nafasi zilizojazwa: maduka yamejaa, kazi za ofisini zimejaa, mwananchi asimame wapi? Lilikuwa swali lenye haki ndani yake, kwa sababu ukoloni ulikuwa umemzuia Mwafrika kwa makusudi asifanye biashara hizo. Lakini fundi cherehani wa Ngara aliyefungiwa kibanda chake hakuwa ndiye aliyeandika sheria za kikoloni.

Basi watu wakaanza kuondoka. Mwanzoni mwa 1968 uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa familia zenye masanduku na pasipoti za Uingereza, wakikimbilia kufika kabla mlango haujafungwa, maana fununu ilikuwa imeenea kwamba ungefungwa. Na kweli ulifungwa. Serikali ya chama cha Labour, chini ya Harold Wilson, Waziri wa Mambo ya Ndani akiwa James Callaghan, ilisukuma mswada ukapita mabunge yote mawili kwa takriban siku tatu. Ulikuwa sheria kufikia Machi 1. Kuanzia siku hiyo mwenye pasipoti ya Uingereza hakuwa na haki ya kuingia Uingereza isipokuwa yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake alizaliwa kule au alipata uraia kule. Mlowezi wa Nanyuki alikuwa na babu Yorkshire. Fundi wa Ngara hakuwa naye. Waasia wa Afrika Mashariki wakatengewa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ikichunguza malalamiko ya baadhi yao, iliona kwamba kuwabagua hivyo kwa misingi ya rangi kulikuwa sawa na kuwadhalilisha.

Majuma saba baada ya sheria hiyo, Aprili 20, 1968, mbunge wa Wolverhampton aitwaye Enoch Powell alisimama katika hoteli moja mjini Birmingham na kutoa hotuba ambayo Waingereza hawajaisahau. Hotuba hiyo hukumbukwa kwa taswira yake ya damu mtoni. Kilichonivutia mimi ni sehemu isiyonukuliwa sana, pale anapolalamika kwamba wake za wenyeji hawapati vitanda vya kujifungulia hospitalini na watoto wao hawapati nafasi shuleni. Ni madai yale yale ambayo Leicester ingeyaandika kwa adabu miaka minne baadaye. Kiongozi wa chama chake cha Conservative, Edward Heath, alimtoa Powell katika baraza lake kivuli mara moja. Siku chache baadaye makuli wa bandari za London waliandamana kumuunga mkono.

Haya, tuulize: vitanda vilikuwa vimekwenda wapi?

Powell alikuwa mtu mzuri wa kuulizwa. Kuanzia 1960 hadi 1963 yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya. Mwaka 1962 wizara yake ilitoa mpango mkubwa wa hospitali, ulioahidi hospitali mpya 90 katika muda wa miaka kumi, kwa kuwa majengo mengi yaliyokuwa yakitumika yalirithiwa kutoka karne ya 19. Fedha hazikufuata ahadi. Miradi mingi ilicheleweshwa, mingine ikapunguzwa. Mwanamke wa Wolverhampton aliyekosa kitanda mwaka 1968 alikosa kitanda kweli, hilo silipingi. Lakini kitanda hicho kilikuwa kimekosekana kwenye karatasi za Hazina kabla familia yoyote ya Nairobi haijapanda ndege.

Na nani alikuwa akitandika vitanda vilivyokuwapo? Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, ile wanayoiita NHS, ilianza Julai 5, 1948. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury na abiria wake kutoka Karibi Juni 22 mwaka huo huo. Ni majuma mawili tu yanayotenganisha matukio hayo. Tangu siku za mwanzo hospitali hizo ziliwaajiri wauguzi kutoka Jamaika, Barbados na Trinidad, na baadaye madaktari kutoka India na Pakistan, wengi wakipelekwa kwenye wodi na miji ambayo madaktari wa Kiingereza waliikwepa. Miaka ambayo Powell alikuwa waziri, hospitali alizozisimamia ziliwategemea watu hao kila siku.

Hapa ndipo neno huduma linapotufaa. Huduma ina pande mbili: yupo mhudumu na yupo mhudumiwa. Katika mjadala wa wahamiaji, kila mgeni huandikwa upande wa wahudumiwa. Anahesabiwa akiwa amelala kitandani. Akiwa amesimama kando ya kitanda, ameshika sindano, anakuwa "nesi" tu, hana tena asili. Ajabu ni kwamba huenda ni mtu mmoja, mchana muuguzi na usiku mzazi anayejifungua katika wodi ile ile.

Nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kile wanachofanya watetezi wengi wa wahamiaji: kumjibu mwenye foleni kwa takwimu za taifa. Hilo halimsaidii, na kwa maoni yangu ndilo limewafanya wengi wafunge masikio.

Kwani Leicester haikusema uongo. Watoto waliokosa nafasi walikuwapo. Orodha ya nyumba ilikuwapo. Tatizo la mgeni kwa huduma za umma ni tatizo la mahali. Waasia wa Kenya, na baadaye wa Uganda, hawakujitawanya Uingereza nzima kama mchele uliomwagika. Walikwenda palipo na binamu, palipo na kiwanda kinachoajiri, palipo na duka linalouza bizari na hekalu au msikiti wa kusalia. Serikali ilijua hivyo. Bodi yake ya 1972 iligawa nchi katika maeneo ya rangi mbili: mekundu yaliyodaiwa kujaa, ambako watu wasiende, na ya kijani, ambako waende. Leicester ilikuwa nyekundu. Watu waliotua na takriban pauni 50 walizoruhusiwa kutoka nazo Uganda, wakalazwa katika kambi za zamani za jeshi kama Stradishall, waliitazama ramani ile, wakasema asante, wakapanda treni kwenda kwa binamu. Nani angefanya vingine?

Sasa angalia jinsi pesa zinavyotembea. Mgeni akipata kazi kiwandani, kodi ya mshahara wake inakwenda Hazina, London. Faida ya jasho lake inakwenda kwa mwenye kiwanda. Mtoto wake, kwa upande mwingine, anakwenda shule iliyo mwisho wa barabara, na shule hiyo inaendeshwa na baraza la mji. Kwa hiyo mwanauchumi wa London akisema mgeni huyu analipa zaidi ya anavyotumia, anaweza kuwa anasema kweli. Mama wa Leicester akisema darasa la mwanawe limejaa, naye anasema kweli. Wamesimama mahali tofauti wakilitazama shamba moja, na mavuno yanapakiwa kwenye lori linaloelekea mji mkuu.

Uingereza ililitambua jambo hili mapema, lakini kwa mkono mmoja. Sheria ya serikali za mitaa ya 1966, katika kifungu chake cha 11, iliruhusu serikali kuu kulipia sehemu ya gharama ya wafanyakazi wa ziada katika miji iliyopokea watu wengi kutoka Jumuiya ya Madola. Walimu wengi wa Kiingereza kwa watoto wapya waliajiriwa kwa fedha hizo. Haikulipia jengo jipya wala nyumba. Na kabla ya hapo, mwaka 1965, wizara ya elimu ilikuwa imetoa mwongozo kwamba shule isiwe na watoto wahamiaji wanaozidi theluthi moja hivi. Katika Southall, magharibi mwa London, mwongozo huo uligeuka mabasi: kila asubuhi watoto wa Kihindi walipakiwa kupelekwa shule za mbali ili darasa la mtaani lisionekane limejaa wao. Watoto wa Kizungu hawakupakiwa kwenda upande wa pili. Yaani gharama ya msongamano ilibebwa na yule yule aliyelaumiwa kwa kuuleta.

Nini kilitokea Leicester? Waliosoma tangazo walikuja. Baadhi yao walisimulia baadaye kwamba lile tangazo ndilo lililowajulisha kwamba kuna mji unaoitwa hivyo, na kwamba Wahindi wamejaa huko. Tangazo zuri kuliko hilo ungelipata wapi! Waliingia kwenye viwanda vya soksi na nguo. Waliingia kwenye kiwanda cha taipureta cha Imperial, ambako mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia, wengi wao watu wa Afrika Mashariki, waligoma kwa kuona wanalipwa na kupandishwa vyeo chini ya wenzao weupe, na chama chao cha wafanyakazi hakikuwasimamia. Barabara ya Belgrave, iliyokuwa imeanza kufifia, ikajaa maduka ya dhahabu, sari na peremende za Kihindi hadi ikapewa jina la maili ya dhahabu. Sherehe za Diwali za mji huo sasa huvuta maelfu ya watu kutoka nje. Mwaka 2022 Leicester iliadhimisha miaka 50 ya kufika kwa Waasia wa Uganda kwa maonyesho na hotuba, na tangazo la Uganda Argus likaonyeshwa kama kumbukumbu.

Kuna waandishi wanaopenda kuikatiza hadithi hapo, mji ukiwa umetubu na mgeni ametajirika. Mimi siwezi. Viwanda vya nguo vilianguka miongo iliyofuata, na vilivyobaki viligonga vichwa vya habari mwaka 2020 kwa kuwalipa watu chini ya kima cha chini cha mshahara. Mwezi Septemba 2022, katikati ya maadhimisho yale yale, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipambana katika mitaa ya mashariki mwa mji. Kwa mujibu wa sensa ya 2021, Waasia ni asilimia 43 ya wakazi na weupe asilimia 41 hivi. Mji ule si pepo wala jehanamu. Ni mji wenye foleni za hospitali, kama miji mingine ya Uingereza, ikiwemo ile ambayo karibu haijawahi kumwona mhamiaji.

Jambo jingine ambalo mwandishi wa 1972 asingeweza kulibuni ni watoto wa wahamaji hao. Baba yake Rishi Sunak alizaliwa na kulelewa Kenya, akawa daktari wa NHS huko Southampton. Mama yake alizaliwa Tanganyika, akawa mfamasia. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda. Baba yake Suella Braverman aliondoka Nairobi Februari 1968, katika zile siku za Embakasi nilizozitaja. Mama yake, Mmorishasi, alikuwa muuguzi wa NHS kwa miongo kadhaa. Sunak akawa Waziri Mkuu. Patel na Braverman, kwa zamu, wakawa Mawaziri wa Mambo ya Ndani, kiti kile kile alichokalia Callaghan. Na wote watatu walishikilia msimamo mkali wa kuwazuia wageni. Patel alikwenda Kigali Aprili 2022 kutia saini mkataba wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi wanaoingia Uingereza kwa mashua. Braverman aliwaita wanaotua pwani ya kusini uvamizi. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukataa mpango wa Rwanda Novemba 2023, na serikali mpya ya Labour ikauzika Julai 2024.

Kenya watu wengi waliwacheka: mtoto wa mgeni anafunga mlango! Kicheko hicho ni rahisi mno. Msimamo wao una mantiki yake: wazazi wetu walikuja kwa hati, walifanya kazi, hawakuvuka bahari usiku. Mtu aliyesubiri foleni ana haki ya kumkasirikia anayeiruka. Ninachokiona mimi ni kwamba mantiki hiyo inasahau Februari 1968. Baba aliyepanda ndege Embakasi siku chache kabla ya Machi 1 alikuwa na hati halali. Jirani yake aliyechelewa majuma mawili alikuwa na hati ile ile, na ilikuwa karatasi tupu. Aliyeamua nani ameruka foleni ni bunge, na liliamua baada ya watu kuwa wameshapanga mstari.

Wakati huo huo jembe linaendelea kutolewa. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi kule. Wahamiaji wengi wenye viza huko hulipa ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, juu ya kodi ya kawaida. Wahudumu wa afya wamesamehewa ada hiyo. Mwezi uliofuata, Machi 2024, waliokuwa wakienda kwa viza ya kuwatunza wazee na wagonjwa walikatazwa kuandamana na wake, waume au watoto wao. Hapo serikali imejaribu kumpata mhudumu bila mhudumiwa, mkono wa kazi usio na mtoto wa kupeleka shule. Ni suluhisho la kihesabu kabisa. Mtoto yuko Kisii au Kakamega na bibi yake, na dawati analokalia limelipiwa na sisi.

Katika darasa langu la tafsiri huwapa wanafunzi habari za Kiingereza kuhusu wahamiaji wazigeuze kwa Kiswahili. Karibu kila mara zinarudi na wimbi, mafuriko na mzigo. Nawauliza: mafuriko yana mikono? Wanacheka. Lakini wakiandika kuhusu Kakuma au Dadaab, bila kutafsiri kutoka popote, maneno ni hayo hayo. Kwa hivyo tusimwachie Mwingereza jambo hili peke yake.

Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Kufikia 2025 wakimbizi na waomba hifadhi nchini walikuwa wamezidi 800,000. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba ingeifunga Dadaab, ikataja usalama na gharama. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana. Machi 2021 tangazo kama hilo likarudi. Katika kila duru tuliambiwa Kenya imebeba mzigo vya kutosha, na wapo wasomi waliojibu kwa takwimu: utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016, kwa mfano, ulikadiria kwamba kuwapo kwa wakimbizi Kakuma kuliinua pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3.

Miaka michache iliyopita nilikaa karibu na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Turkana Magharibi, tukila chakula cha mchana kwenye warsha ya walimu wa Kiswahili. Nilimtajia utafiti huo, nikitarajia atafurahi. Akaendelea kutafuna. Kisha akaniambia, "Ndugu, hiyo asilimia tatu mimi sijaiona. Nimeona kule kambini watoto wana madawati, na wangu wamekaa chini." Hakusema wakimbizi wamejaza shule yake. Malalamiko yake yalikuwa kinyume cha yale ya Leicester: wageni walikuwa wamejengewa shule na hospitali zao na mashirika ya kimataifa, na mwenyeji ndiye aliyetembea kilomita kadhaa kwenda kutibiwa kwenye zahanati ya kambi. Kuni na maji ndivyo walivyogombea. Lakini mzizi niliuona ni ule ule. Asilimia tatu ilikuwa mahali fulani, labda kwa wenye malori na wauza mbuzi wa Kakuma mjini. Kwenye sakafu ya darasa lake haikufika.

Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa 2016 kilomita chache kutoka Kakuma, yalijengwa kwa wazo la kurekebisha hilo: Mturkana na mkimbizi watumie shule moja na hospitali moja. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ikafuata mkondo huo. Machi 2025 serikali ikazindua mpango wa kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida yanayohudumiwa kama sehemu nyingine za nchi, na ikauita Shirika. Ni jina zuri, la familia moja na kushiriki na ushirika, na kwa mara ya kwanza neno rasmi la kumtaja mkimbizi Kenya halitokani na kukimbia wala kubeba.

Mpango huo umezinduliwa mwaka ambao misaada ya Marekani ilikatwa, mgao wa chakula ukapunguzwa, na wakazi wa Kakuma wakaandamana. Afya, kwa mujibu wa Katiba yetu ya 2010, ni kazi ya kaunti. Mama mkimbizi mwenye uchungu wa kuzaa ataingia katika hospitali ya kaunti ya Turkana au Garissa Jumatatu alfajiri. Hundi ya kumlipa mkunga itatoka Nairobi, au ng'ambo, siku itakayotoka.